Oveni, hamira na minyoo: mambo tunayoambiana kuhusu kuoka

Likizo ikifika, nyumba yetu ya Wete, Pemba, hujaa. Watoto wa dada zangu wanashuka boti Mkoani, wengine wanatoka Chake, na jioni moja unajikuta na vijana kumi na wanne barazani wanasubiri chai. Duka halimudu matumbo hayo. Kuoka kunamudu, ila wengi wetu tunakuogopa kwa maneno tuliyoyasikia tu.

"Sina oveni." Mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, umeokwa visiwani humu kwa sufuria na makaa tangu umeme haujaingia majumbani. Kazi yote ni kupalia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Anayejaza moto chini huunguza kitako, na katikati mkate unabaki uji. Mimi juu hutia vifuu vya nazi ile ile niliyoikuna kwa tui.

"Ukitaka uumuke haraka, zidisha hamira na utie tui la moto." Hili ndilo linaloharibu mikate mingi kuliko yote, na inaniuma kuona mchele mzuri unamwagwa kwa sababu yake. Hamira ni kitu chenye uhai, jamii ya kuvu. Hupenda uvuguvugu, joto likikaribia nyuzi 60 hufa, na hapo utangoja hadi alfajiri. Chovya kidole: tui lisikuchome. Na hamira ikizidi, mkate huumuka kwa pupa, ukanuka na kushuka. Kwa nusu kilo ya mchele ulioroweka usiku kucha, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Sukari nyingi nayo huidhoofisha hamira, ndiyo maana mimi huitia baada ya kuumuka, pamoja na ute wa yai. Utajua umekuwa tayari ukiona juu vipovu vidogo vidogo vinapasuka polepole, kama mchanga wa pwani maji yanapokupwa. Mimina hapo hapo, sufuria ikiwa imeshapata moto na mafuta.

"Mkate wa mayai haupandi bila beking pauda." Unapanda, kwa hewa uliyoiingiza ulipopiga mayai na sukari. Piga mpaka yawe mazito na rangi ipauke. Ukiinua mchapo, yadondoke kama utepe na kukaa juu kidogo kabla ya kuzama. Unga uje mwisho, uchanganye taratibu kwa mwiko. Kupiga ni kazi ya mkono, basi wape vijana zamu. Mimi huwapa, na wanashindana.

"Vitamu vinaleta minyoo." Bibi zetu walituambia kwa mapenzi, lakini sivyo. Mayai ya minyoo hutoka kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi, yakaingia mdomoni kwa mikono au mboga zisizooshwa. Sukari huharibu meno. Kwa hiyo sahani haipiti kabla vijana wote hawajapita bombani na sabuni.

Mwisho vileja, vile vibiskuti vya unga wa mchele. Husemwa vikivunjika samli imepungua. Unga wa mchele hauna ule mvutano wa unga wa ngano, kwa hiyo vikiwa moto lazima vimeguke. Viache vipoe kwenye trei, ndipo uvitoe na kuvifungia koponi. Vinakaa siku kadhaa, nami huvioka kabla wageni hawajafika.