Je, wajua kwa nini mgawaji wa blackjack hushinda bila kuamua lolote?

Blackjack ni mchezo wa karata wa kasino, na mgawaji ndiye anayeichezea kasino. Mtazame zamu yake ikifika. Haumizi kichwa. Karata zake zikiwa na jumla ya 16 au pungufu, sharti avute nyingine. Akifika 17, sharti asimame, yaani asiongeze karata. Mchezaji ndiye mwenye hiari zote: kuvuta, kusimama, kuongeza dau. Na bado kasino ndiyo inayobaki na faida. Sababu ni moja tu: nani anatangulia kucheza.

Kwanza hesabu. Karata za 2 hadi 10 zina thamani ya namba zake. J, Q na K kila moja ni 10. Ree ni 11, ila ikikuvusha 21 inageuka 1. Kopa, shupaza, uru na pau hazina kazi hapa. Wengi hudhani lengo ni kukaribia 21. La, lengo ni kumshinda mgawaji, na siku nyingine unamshinda ukiwa na 12 tu, kwa sababu yeye kaungua, yaani kavuka 21.

Kwenye meza ya pakiti sita kuna karata 312. Mgawaji huzichanganya, humpa mchezaji mmoja kipande cha plastiki akate, kisha hukichomeka kipande hicho karibu na mwisho wa rundo na kuziingiza zote kwenye kasha. Karata ya kwanza hutupwa bila kuchezwa. Madau yakishawekwa, mkono wa mchezaji usiguse tena chipu zake. Ugawaji huanzia kushoto kwa mgawaji: karata moja moja kwa kila mtu, ya mgawaji ikiwa wazi, halafu mzunguko wa pili, safari hii ya mgawaji ikifunikwa. Kuna kasino zisizotoa karata hiyo ya pili ya mgawaji mpaka wachezaji wote wamalize.

Ree pamoja na karata ya 10 katika karata mbili za mwanzo ndiyo blackjack yenyewe. Inaishinda hata 21 ya karata tatu. Mgawaji naye akiwa nayo, ni sare na dau linarudi.

Wachezaji hucheza mmoja mmoja, kwa ishara za mkono ili kamera zilizo juu zione: kugonga meza kwa kidole ni kutaka karata, kupunga kiganja juu ya meza ni kusimama. Ukiungua, mgawaji anazoa dau lako na karata zako papo hapo, kabla hajagusa za kwake.

Hapo ndipo penye siri. Wanaocheza nyumbani huharibu mchezo hapa: mchezaji anaungua, wanaacha dau mezani, mgawaji naye anaungua, wanasema ni sare. Hapana. Aliyeungua kwanza keshapoteza, hata kama mgawaji ataungua baadaye. Mgawaji huungua takriban mara 28 katika kila 100. Ukimwiga, ukavuta mpaka 17, nawe utaungua kwa kiasi hichohicho, na kuungua wote wawili kutatokea kama mara 8 katika 100. Hizo nane ni za kasino, bure.

Kasino hukurudishia sehemu yake kwa njia kadhaa. Blackjack hulipwa 3 kwa 2: dau la shilingi 10,000 linaleta faida ya 15,000. Unaruhusiwa kuongeza dau maradufu, kwa sharti la kupewa karata moja tu. Ndiyo maana hufanywa zaidi ukiwa na 10 au 11. Ukipata mbili zinazolingana, unaweza kuzigawanya ziwe mikono miwili, yaani mafungu mawili ya karata, kwa kuweka dau la pili. Nane mbili zigawanye daima, maana 16 ni mkono mbovu kuliko yote. Mwaka 1956 wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin na wenzake, walichapisha hesabu ya uamuzi bora kwa kila hali, waliyoifanya kwa mashine za kujumlishia za mezani. Mwenye kuufuata uamuzi huo kwenye meza yenye kanuni nzuri hupoteza takriban nusu shilingi katika kila 100.

Meza yenye kanuni mbaya ni habari nyingine. Soma maandishi ya kitambaa cha meza kabla ya kukaa. Pakiandikwa kuwa blackjack inalipa 6 kwa 5, ile 15,000 inakuwa 12,000, na kwa kuwa blackjack huja takriban mara moja katika mikono 21, pengo hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Halafu kuna bima. Mgawaji akionyesha ree, atakuuliza kama unataka kuweka nusu ya dau kwamba iliyofunikwa ni 10. Ikiwa kweli, unalipwa 2 kwa 1. Katika aina 13 za karata, zenye thamani ya 10 ni nne. Weka shilingi moja mara 13: utapata 8 na kupoteza 9. Ikatae, hata ukiwa na blackjack mkononi.

Sasa uamuzi unaowatesa wengi: una 10 na 6, mgawaji anaonyesha 7. Katika aina 13, nane zitakuunguza, kuanzia 6 hadi K. Inatisha. Lakini ukisimama na 16 unashinda tu mgawaji akiungua, na mwenye 7 huungua kama mara moja katika kila nne. Kwa hiyo vuta. Angekuwa anaonyesha 6, ambayo humwunguza karibu mara 42 katika 100, ungesimama na kumwachia hatari yeye. Na ukiwa na ree na 6, vuta bila hofu dhidi ya 7: ikija 9, ree inashuka kuwa 1, unabaki na 16, na zamu bado ni yako.