Nani Alishinda Mid Suffolk? Dhana Potofu Kuhusu Matokeo ya Uchaguzi wa Halmashauri za Wilaya England

Tarehe 4 Mei 2023, wapiga kura wa wilaya ya Mid Suffolk, mashariki mwa England, mojawapo ya nchi zinazounda Uingereza, walichagua madiwani 34. Chama cha Kijani kilipata viti 24, Conservative viti 6 na Liberal Democrats viti 4. Ilikuwa mara ya kwanza kwa chama cha Kijani kupata wingi wa viti katika halmashauri yoyote ya Uingereza, na habari hiyo ilisambaa mbali kuliko kawaida ya wilaya ya mashamba na vijiji, ambayo miji yake ni midogo kama Stowmarket, Needham Market na Eye. Namba hizo hazina utata wowote. Utata umo katika maana ambayo watu wanazipa, na kwa msomaji wa Kiswahili utata huo huongezeka kwa sababu maneno tunayotumia kuzieleza, yaani wilaya, kaunti, meya na hata Uingereza yenyewe, yameshazoea kubeba mambo mengine.

Dhana: Chama kilichoshinda wilaya ndicho kinachosimamia shule, barabara na hospitali za wilaya hiyo

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na hata wakazi wa England kwenyewe huangukia humo. Mtanzania akisikia "wilaya" humjia akilini mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na Rais, na Mkenya akisikia "kaunti" humwona gavana aliyechaguliwa na wananchi. Mid Suffolk haina mkuu wa wilaya, na kaunti ya Suffolk haina gavana. Kuna mabaraza mawili ya madiwani, kila moja na uchaguzi wake, majukumu yake na bajeti yake, na hakuna moja lililo bosi wa jingine. Mpango huo ulitokana na sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 1974.

Kaunti ndiyo yenye kazi zinazokula fedha nyingi: elimu, matunzo ya wazee na watoto walio hatarini, barabara, maktaba. Wilaya hushughulikia vibali vya ujenzi, makazi na watu wasio na makao, leseni za baa na teksi, ukaguzi wa usafi katika migahawa, vituo vya michezo na uzoaji wa taka. Hospitali haziko chini ya yeyote kati yao, kwa kuwa ni za huduma ya afya ya taifa. Chini ya wilaya kuna tena mabaraza madogo ya miji na vijiji, yanayotunza viwanja vya michezo, makaburi na kumbi za mikutano.

Mfano ulio rahisi kushika ni ule wa mfuko wa taka. Mkazi wa Stowmarket akilitoa pipa lake nje asubuhi, lori linalokuja kulibeba ni kazi ya wilaya. Taka hizo zikishazolewa, kuziteketeza ni jukumu la kaunti, na kiwanda cha kaunti kinachozichoma na kuzigeuza umeme kiko Great Blakenham, kijiji kilicho ndani ya wilaya ileile ya Mid Suffolk. Kwa hiyo taka zinaweza kutoka nyumbani hadi kwenye moto bila kuvuka mpaka wa wilaya, lakini njiani zimeshahama kutoka mikono ya halmashauri moja hadi nyingine. Mwaka 2023 halmashauri hizo mbili ziliongozwa na vyama tofauti, kwa maana kaunti ilikuwa chini ya Conservative.

Kodi ya halmashauri nayo huchochea kosa hilo. Bili humfikia mkazi kutoka wilayani, ikiwa na nembo ya wilaya, na akichelewa kulipa ni wilaya inayomdai. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kaunti, nyingine huenda polisi, nyingine kwa baraza la mji au kijiji, na wilaya hubaki na sehemu ndogo. Anayemwadhibu diwani wa wilaya kwa sababu bili imepanda huenda anamchapa tarishi kwa barua ambayo hakuiandika.

Hata katika vibali vya ujenzi, ambako wilaya ina sauti kweli, madiwani hawako huru kama wengi wanavyodhani. Wanabanwa na sera ya taifa ya mipango miji, na mwombaji aliyenyimwa kibali anaweza kukata rufaa kwa mkaguzi anayeamua kwa niaba ya waziri. Chama kinaweza kushinda viti vyote kwa kuahidi kuzuia nyumba mpya, kisha nyumba hizo zikajengwa.

Dhana: Viti 24 kati ya 34 maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi mbili ya watu walikipigia chama hicho

Viti havigawanywi kwa uwiano wa kura. Kila kata huhesabiwa peke yake, na mwenye kura nyingi hushinda hata kama hakufikia nusu. Chama kinachoshinda kata nyingi kwa tofauti ndogo huvuna viti vingi kuliko mgawo wake wa kura, na chama kinachoshika nafasi ya pili kila mahali kinaweza kutoka mikono mitupu.

Kuna jambo jingine linalowapotosha hata wenye kikokotoo. Baadhi ya kata huchagua diwani mmoja, nyingine wawili, na katika baadhi ya wilaya hata watatu. Penye viti viwili, kila mpiga kura ana haki ya kuweka alama mbili, lakini halazimiki kuzitumia zote. Tuseme watu 1,000 wamepiga kura katika kata ya aina hiyo: jumla ya kura za wagombea wote inaweza kuwa 1,900, au 1,500, au namba nyingine yoyote kati ya 1,000 na 2,000. Ukijumlisha kura za kata zote za wilaya bila kuzingatia hilo, utapata wapiga kura ambao hawapo. Ndiyo maana asilimia za chama zinazotajwa baada ya uchaguzi wa wilaya zinahitaji kusomwa pamoja na maelezo ya jinsi zilivyokokotolewa, na mara nyingi maelezo hayo hayapo.

Kisha kuna mahudhurio. Katika uchaguzi wa mitaa England, kiasi cha theluthi moja tu ya waliojiandikisha ndio hufika kupiga kura, kwa hiyo kusema "wilaya imeamua" ni kuwasemea wengi ambao siku hiyo walibaki nyumbani.

Dhana: Matokeo ya usiku mmoja yanaweza kulinganishwa wilaya kwa wilaya

Mid Suffolk huchagua madiwani wake wote kwa pamoja kila baada ya miaka minne. Jirani yake, Ipswich, ina madiwani 48 katika kata 16, na huchagua theluthi moja kila mwaka kwa miaka mitatu, huku mwaka wa nne ukiachiwa uchaguzi wa kaunti. Chama kinachopoteza kila kitu Mid Suffolk hutoka nje siku hiyohiyo. Chama kinachofanya vibaya vivyo hivyo Ipswich hupoteza viti kati ya 16 vilivyoshindaniwa, na vingine 32 havikuguswa. Oxford nayo huchagua nusu ya madiwani kila baada ya miaka miwili. Msomaji anayeona "chama kimepoteza viti 3" hapa na "chama kimepoteza viti 10" pale, bila kujua vilivyokuwa mezani ni vingapi, hajaambiwa kitu.

Dhana: Asiyepata wingi wa viti hawezi kuongoza halmashauri

Mid Suffolk yenyewe inajibu hili. Mwaka 2019, Conservative walipata viti 16, Kijani 12, Liberal Democrats 5 na mgombea huru 1. Wingi ulihitaji viti 18. Ukiwaweka Kijani na Liberal Democrats upande mmoja unapata 17, na waliobaki ni 17 vilevile. Conservative ndio walioendelea kuongoza hadi 2023. Kura zikigongana katika kikao cha baraza, sheria humpa mwenyekiti kura ya ziada ya kuamua, na ndiyo sababu uchaguzi wa mwenyekiti, ambao kwa kawaida ni shughuli ya kuvishwa mkufu wa cheo na kupigwa picha, unaweza kuwa ndio uamuzi mzito kuliko yote katika baraza lililogawanyika sawasawa.

Wagombea wakifungana ndani ya kata, hakuna marudio ya uchaguzi. Msimamizi wa uchaguzi huamua kwa bahati nasibu papo hapo. Mwaka 2017 katika kata ya South Blyth, Northumberland, mgombea wa Liberal Democrats na yule wa Conservative walilingana, wakavuta vijiti, na wa Liberal Democrats akashinda. Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, kimoja pungufu ya wingi. Northumberland si wilaya, kwa kuwa halmashauri yake hubeba majukumu ya ngazi zote mbili, lakini kanuni ni hiyohiyo kote England. Halmashauri nzima inaweza kukosa chama tawala kwa sababu ya urefu wa kijiti.

Hapo hapo liwekwe wazi na suala la meya. Katika wilaya nyingi, meya au mwenyekiti huvaa mkufu, huongoza vikao na huzindua maonyesho. Mwenye madaraka ni kiongozi wa halmashauri, anayechaguliwa na madiwani wenzake katika kikao cha Mei baada ya uchaguzi. Wapiga kura hawamchagui moja kwa moja. Watford na Mansfield ni miongoni mwa wilaya chache ambazo meya wake huchaguliwa na wananchi na ana mamlaka ya kweli.

Dhana: Wanaopiga kura ni raia wa Uingereza peke yao

Hapa ndipo Waswahili wanaoishi huko hupoteza haki yao wenyewe. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, anayeishi England kwa kibali halali, hata kibali cha muda cha masomo, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zimo katika Jumuiya hiyo. Kongo, Burundi na Oman hazimo, kwa hiyo jirani wawili wanaozungumza Kiswahili kilekile katika ngazi za jengo moja wanaweza kuwa na haki tofauti, mmoja akipokea kadi ya mwaliko wa kupiga kura na mwingine asipokee. Kugombea udiwani kuna sharti kali kidogo: raia wa Madola anayehitaji kibali cha kuishi lazima awe na kile kisicho na kikomo.

Tangu Mei 2023 anayepiga kura kituoni lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya Kenya au ya Tanzania inakubalika. Karani hutazama picha, humtazama mwenye picha, hulitafuta jina katika daftari, huweka alama, kisha hutoa karatasi ya kura na kuonyesha kibanda ambamo penseli imefungwa kwa uzi. Hata pasipoti iliyokwisha muda hukubaliwa iwapo picha bado inafanana na mtu. Kadi ya mwanafunzi haikubaliki, ingawa kadi ya basi ya wazee inakubalika, tofauti ambayo binafsi sijawahi kusikia ikitetewa vizuri. Katika uchaguzi huo wa kwanza, Tume ya Uchaguzi ilikadiria kwamba watu wasiopungua 14,000 walirudishwa na hawakupiga kura.

Dhana: Aliyeshinda halmashauri mwaka huu atashinda ubunge mwakani

Baada ya Mei 2023, wapo waliosema wilaya imegeuka kijani moja kwa moja. Mwezi Julai 2024 ukaja uchaguzi wa Bunge. Majimbo ya ubunge hayafuati mipaka ya wilaya, na ardhi ya Mid Suffolk imegawanywa katika majimbo matatu. Eye imo katika Waveney Valley, ambako Adrian Ramsay wa chama cha Kijani alishinda. Stowmarket imo katika Bury St Edmunds and Stowmarket, jimbo lililochukuliwa na Peter Prinsley wa Labour, chama ambacho mwaka mmoja kabla hakikupata hata kiti kimoja cha udiwani Mid Suffolk. Sehemu nyingine imo katika Central Suffolk and North Ipswich, ambako Conservative walibaki na kiti chao. Wilaya moja, wabunge watatu, vyama vitatu.

Sababu si fumbo. Diwani hushindania kata ambayo anaweza kuimaliza kwa miguu, akigonga mlango baada ya mlango, na kura mia chache zinatosha kumpeleka barazani. Mbunge hushindania makumi ya maelfu ya wapiga kura ambao wengi wao wanafikiria nani awe Waziri Mkuu. Mtu yuleyule anaweza kumpa Kijani kura yake ya Mei kwa sababu ya shamba linalotaka kujengwa nyumba nyuma ya kanisa, na mwezi Julai akampa Labour ili Conservative waondoke London, na asione mgongano wowote.

Wala hata wilaya yenyewe si ya kudumu. Desemba 2024 serikali ilitangaza nia ya kuondoa mfumo wa ngazi mbili na kuweka halmashauri moja moja zenye majukumu yote, na uchaguzi wa kaunti ya Suffolk uliokuwa ufanyike Mei 2025 ukaahirishwa kwa ajili hiyo. Madiwani wa Mid Suffolk, ambao ofisi zao tangu 2017 ziko katika jengo lilelile la kaunti mjini Ipswich, nje ya wilaya yao, walikuwa hawajamaliza hata nusu ya kipindi cha miaka minne.