Mashine ya santuri mpya, ghali na yenye kasoro: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzee mmoja jirani yangu hapa Area C, Dodoma, mstaafu aliyetunza santuri zake za muziki wa dansi tangu ujanani, alinunuliwa na watoto wake mashine mpya ya kuzichezea, kwa bei ambayo ingetosha kununua pikipiki. Wiki haikuisha kabla hajaniita. "Mwanangu," alisema mara tu nilipomwamkia, "huyu mwimbaji nilimwacha mzima, leo anaimba kama amelewa." Zaidi ya hayo spika zilikuwa zinavuma, na ukingo wa sahani inayobeba santuri ulikuwa unapanda na kushuka ikizunguka. Kila mgeni aliyepita sebuleni alikuwa na maelezo yake, na mengi hayakuwa sahihi.

Wapo waliosema kwamba kitu cha bei hiyo hakiwezi kuwa na kasoro, hivyo kosa ni la mtumiaji. Ni kweli kwamba rahisi ni ghali, lakini haifuati kwamba ghali ni salama. Bei hulipia chuma kizito zaidi, mota tulivu zaidi na sindano iliyochongwa kwa uangalifu zaidi. Hailipii bahati ya kuepuka fundi aliyechoka siku mashine yako ilipofungwa, wala mitikisiko ya meli na lori.

Wengine walikosea upande wa pili, wakidai kwamba kila kinachosikika vibaya kimetoka kiwandani. Tulianza na mvumo. Nilipogusa chuma cha mkono wa sindano, mvumo ulipungua, jambo ambalo kwa kawaida huashiria tatizo la ethi. Waya mwembamba wa ethi, ambao hufungwa kwenye skrubu iliyo nyuma ya amplifaya, ulikuwa bado kwenye kifuko chake cha plastiki. Tuliufunga, na mvumo ukaisha. Vivyo hivyo, vumbi na ukavu wa Dodoma wakati wa kiangazi huzifanya santuri zijae umeme wa msuguano na kunasa uchafu, zikatoa milio ya kupasukapasuka ambayo kiwanda hakihusiki nayo hata kidogo.

Suala la mwendo linahitaji utulivu zaidi, kwa sababu sikio peke yake hudanganya. Santuri kubwa huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, yaani mara 100 kamili katika dakika tatu. Bandika kipande cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, shika saa, uhesabu. Mizunguko 100 ikichukua sekunde 180, au ikipungua ama kuzidi kwa sekunde moja hivi, mashine haina kosa la mwendo. Ikichukua sekunde 216, usikimbilie kulaani kiwanda. Aghalabu hiyo ni mashine iliyotengenezewa umeme wa Marekani wa hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ikiwa na mota inayofuata hezi za umeme, na sasa inaendeshwa kwa hezi 50 za hapa kwetu. Watu wengi wanaoletewa vifaa na ndugu zao huamini kwamba transfoma inamaliza tatizo hilo. Transfoma hushusha volti kutoka 230 hadi 120, lakini haibadilishi hezi, na mwendo utabaki pungufu kwa moja ya sita. Mashine zenye mota ya umeme wa DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, hazina shida hiyo.

Ya mzee ilimaliza mizunguko 100 kwa sekunde 180. Kwa nini basi sauti ilikuwa inalewa? Niliinama nikatazama mkono wa sindano, nikaona unapepea kushoto na kulia kila baada ya sekunde mbili kasoro kidogo, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja. Tundu la santuri yenyewe halikuwa katikati. Tulipoweka santuri nyingine, mwimbaji alipata fahamu.

Lililobaki lilikuwa sahani, na hapo mzee alikuwa na haki kabisa. Tuliondoa santuri na zulia lake, tukaweka kiberiti kando ya ukingo kama kipimo, tukatia alama ya chaki mahali ukingo ulipopanda zaidi. Kisha tuliinyanyua sahani, tukafuta sehemu inapokalia, tukairudisha ikiwa imegeuzwa robo mzunguko kwenye ekseli yake. Sehemu iliyopanda ilibaki palepale kwenye chaki. Ingekuwa ekseli imepinda, sehemu hiyo ingehama kutoka kwenye alama. Kwa kuwa ilifuata chaki, sahani ndiyo iliyopinda.

Mjomba mmoja alishauri tuweke sarafu juu ya kichwa cha sindano ili itulie. Ni ushauri wa zamani na mbaya. Sindano nyingi za leo hutakiwa kukandamiza kwa gramu moja na nusu hadi mbili hivi. Sarafu huongeza gramu kadhaa, na anayelipa ni santuri. Mwingine alisema mashine mpya hujizoeza yenyewe baada ya miezi michache. Mpira unaoshikilia sindano hulegea kidogo katika saa za mwanzo za matumizi, lakini chuma kilichopinda hakijizoezi, na kusubiri kuna gharama yake kisheria.

Muuzaji, mwenye duka Dar es Salaam, alitujibu kwamba risiti imeandikwa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Wengi hukata tamaa hapo. Sheria ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mwenye biashara kuuza kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na mnunuzi anaweza kukikataa kisipofikia hapo. Anayekaa nacho kupita muda wa kuridhisha bila kutoa taarifa huhesabiwa kuwa amekikubali, na sheria haikutaja idadi ya siku. Kwa sababu hiyo mzee aliandika barua siku ileile, akaitaja kasoro moja tu iliyothibitika, akaambatanisha video ya chaki na nakala ya risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na akaeleza kwamba hatua itakayofuata ni Tume ya Ushindani, inayoshughulikia malalamiko ya walaji. Kama angeongeza mvumo na mwimbaji mlevi, angempa muuzaji mambo mawili rahisi ya kukanusha. Muuzaji alikubali kuipokea mashine.

Wajukuu walikuwa tayari kuifunga kwenye boksi kama ilivyo. Niliwazuia, kwani sahani nzito ikiachwa kwenye ekseli safarini huipiga beringi kila basi linaporuka tuta. Tuliitoa sahani tukaiweka chini kabisa, tukachomoa uzito wa nyuma wa mkono, tukafunika sindano, tukaufunga mkono kwa uzi kwenye kishikio chake, na mzee akapiga picha kila hatua kabla gundi ya boksi haijabandikwa.