Kidirisha cha "Sasisha sasa" hakimlazimishi mtu

Jana nimepigiwa tena. Bosi mwingine, aplikesheni nyingine, maneno yaleyale: "Kaka, toleo jipya lipo Play Store tangu Jumatatu, mbona watu bado wako kwenye la zamani? Weka kile kidirisha kisichofungika, watasasisha wenyewe." Mara ya nne mwaka huu. Basi leo naandika, wa tano nitamtumia linki.

Kwanza, hao wasiosasisha, mnaowaita "wakaidi", ni akina nani? Kwa kawaida Play Store husasisha yenyewe simu ikiwa kwenye waifai, iko kwenye chaji, imetulia, na aplikesheni yenyewe haijafunguliwa. Sasa mchukue wakala wa pesa kwa simu wa Mbagala, Dar es Salaam. Simu yake ina GB 16, picha za harusi ya mdogo wake zimejaza nusu, anaishi kwa bando la siku, na waifai anaisikia kwa watu. Aplikesheni yako ameifungua tangu asubuhi mpaka anafunga duka, maana ndiyo inayomlisha. Yaani anayekutumia kuliko wote ndiye wa mwisho kupata toleo jipya. Halafu mnamwita mkaidi.

Google walileta njia ya kusasisha ukiwa ndani ya aplikesheni mwaka 2019. Ziko mbili. Ya taratibu inashusha faili nyuma huku mtu anaendelea na shughuli zake. Likishamaliza kushuka lazima msimbo wako uite completeUpdate, amri ya kulisakinisha, usipoita linakaa tu likila nafasi ya simu ambayo tayari haina nafasi. Ya papo hapo inafunika skrini nzima. Na hapa ndipo wote wanapopotea. Kufunika skrini siyo kufunga mlango. Mtu akibonyeza kurudi nyuma, Play inakuletea jibu kwamba amekataa, basi. Cha kufanya baada ya hapo ni juu yako. Simu ikiwa na chaji kidogo au imejaa, unaweza kurudishiwa namba ya kosa -6, yaani hairuhusiwi kusakinisha kwa hali ya simu ilivyo. Na kama APK, yaani faili la aplikesheni, alirushiwa na jirani, haikutoka Play, utapata -10, hata ungemwombea dua. Kwenye iPhone usiulize. Apple hawana kitu cha namna hiyo, unalinganisha namba ya toleo mwenyewe kisha unampeleka mtu App Store.

Kuna pia namba ya umuhimu wa toleo, 0 hadi 5. Watu wanaweka 5 kisha wanakaa kusubiri miujiza. Ile ni namba tu. Haifanyi lolote mpaka msimbo wako uisome na kuamua. Isitoshe inawekwa kupitia API ya Google, yaani kwa amri za programu, wakati wa kutoa toleo, ukishatoa hubadilishi tena. Usipoweka, ni 0.

Sasa tuje kwenye kinachonichoma: kidirisha cha kujitengenezea. Seva, kompyuta ya kampuni ambayo aplikesheni inaongea nayo, inasema "toleo la chini ni 41", aliye chini ya hapo anakuta ukuta na kitufe kimoja. Rahisi, mchana mmoja tu kazi imeisha. Kwenye kazi moja tulitoa toleo kwa awamu, asilimia 20 ya watumiaji kwanza, kama watu wenye akili. Asubuhi hiyohiyo mwenzetu mmoja akapandisha namba ya chini kwenye seva kwa watu wote. Mimi nilikuwa dukani kwa wakala mmoja mama mtu mzima, nimeenda kwa jambo lingine kabisa. Akafungua: "Sasisha sasa." Akabonyeza. Play Store ikafunguka, na kwa sababu hakuwa kwenye ile asilimia 20, kitufe alichokikuta kilisema "Fungua". Akabonyeza Fungua. Ukuta uleule. Akazunguka mara nne, mteja amesimama mbele yake na noti mkononi. Mwisho akanigeukia: "Mwanangu, hii simu imerogwa?" Nikamwambia hapana mama, tumeiroga sisi.

Kwa hiyo ukuta usiulize seva peke yake. Uliza Play kwanza: je, kwenye simu hii, sasa hivi, toleo jipya linapatikana? Kama halipatikani, mwache mtu apite. App Store nayo ina awamu, siku 7: asilimia 1, 2, 5, 10, 20, 50, 100. Ila zile zinahusu kusasishwa kiotomatiki tu. Anayekwenda mwenyewe analikuta. Ndiyo maana waliojifunzia kwenye iPhone hawanielewi nikipiga kelele.

Na tafadhali, msilinganishe majina ya matoleo kama maandishi. Kwa maandishi, "1.10" iko nyuma ya "1.9". Nimeona watu waliosasisha jana wakiambiwa wamepitwa na wakati. Tumia versionCode, namba ya ndani ya toleo kwenye Android, namba nzima inayopanda tu.

Jambo jingine, haraka: msimbo wa ukuta lazima uwemo kwenye toleo la kwanza kabisa. Aliye na toleo lisilo na ukuta huwezi kumwonyesha ukuta. Unaweza kumkatalia kwenye seva, hata kwa jibu la 426, "Upgrade Required", lakini yeye ataona "Hitilafu imetokea, jaribu tena". Atajaribu tena. Siku nzima.

Mimi nafungia lini? Seva ikiwa haielewani tena na toleo la zamani, au kukiwa na tundu linalovujisha pesa. Hata hapo roho inanisuta: unayemfungia ana salio lake ndani na bando limeisha. Kazi mbili za mwisho nimewaachia waone salio na wapige huduma kwa wateja, vingine vyote vimezimwa. Sijui kama ni busara au ni woga. Na zile siku za kusubiri kabla ya kuanza kumkumbusha mtu, Play inakuhesabia tangu simu yake ijue kuna toleo jipya. Mimi naweka 3 kwa kumgusia, 14 kwa kumfunika skrini. Nimezitoa wapi? Kichwani. Nilianza hivyo, hakuna aliyelalamika, nikaendelea.

Yule bosi wa jana nilimuuliza toleo lake jipya lina uzito gani. Hakujua. Tukalifungua pamoja: MB 94, na 61 kati ya hizo ni video ya nembo ya kampuni ikizunguka. Leo ameniandikia kwamba wameitoa. Kidirisha tutaongea wiki ijayo.