Viola: trola iliyokwenda vitani na winchi yake

Wageni wanaokuja kwenye makumbusho yetu ya bahari hudhani meli ya kusafisha mabomu ya majini lazima iwe imeundwa na jeshi. Nyingi za mwanzo zilikuwa za wavuvi.

Mwaka 1907, Admirali Charles Beresford wa Uingereza alizitazama trola, yaani meli za kuvulia kwa juya la kukokotwa, za bandari ya Grimsby, Uingereza, akaona zingefaa kusafisha mabomu. Vita vya Urusi na Japani vilikuwa vimekwisha juzi tu, na mabomu ya kutegwa yalikuwa yamezamisha manowari nzito. Trola zilikuwa na winchi za kukokotea juya kwenye sakafu ya bahari, na mabaharia waliozoea kushika waya wa chuma hata bahari ikichafuka. Ujuzi huo haufundishwi kwa wiki mbili.

Bomu la kutegwa huelea chini kidogo ya uso wa maji, limefungwa kebo inayoshikwa na uzito ulioko chini. Trola mbili huenda sambamba, zikikokota waya mmoja uliozama katikati yao. Waya ukiinasa kebo na kuikata, bomu huibuka, nalo hupigwa bunduki kutoka sitahani. Tatizo ni kwamba trola nayo ina kina chake, yaani sehemu iliyozama majini: maji yakipwa, huenda ikaligonga bomu kabla waya haujafika.

Trola moja kati ya hizo, Viola, iliundwa Beverley, Uingereza, mwaka 1906, mali ya kampuni ya uvuvi ya Hellyer ya bandari ya Hull, waliozipa trola zao majina ya wahusika wa Shakespeare. Ilivua Bahari ya Kaskazini. Makasha ya samaki yalivushwa kwa mashua ya makasia hadi kwenye meli iliyoyakimbiza London, Viola yenyewe ikabaki kuvua. Nionavyo, kazi hiyo tu ilikuwa nusu ya vita.

Mwaka 1914 ilichukuliwa na serikali, ikafungwa mzinga. Ilisaka nyambizi, ilifagia mabomu, na Septemba 1918 ilikuwemo katika kundi lililoizamisha nyambizi ya Kijerumani UB-115.

Amani iliporudi iliuzwa Norway, ikawinda nyangumi kwa jina la Dias. Mwaka 1927 ikanunuliwa na Waargentina, ikawinda sili kisiwani South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Ingali kisiwani humo, huko Grytviken, imeshika kutu, injini yake ya mvuke ikiwa tumboni. Kengele yake ilikuja kupatikana shambani, Norway.