Je, wajua kwa nini treni ya chini ya London ina joto hata nje kukiwa na baridi kali?

Januari moja mpwa wangu anayesoma London alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Huku juu ni nyuzi joto tatu, nimevaa sweta, koti na skafu. Nimeshuka chini kupanda treni, najuta. Jasho linanitiririka kama niko Shangani saa nane mchana."

Mimi ndiye niliyekuwa Shangani saa nane mchana, hapa Mtwara, na feni ilikuwa inahamisha joto kutoka kona moja ya chumba kwenda nyingine. Nilicheka, nikaitikia marahaba, lakini swali lenyewe likanikaa kichwani. Huku kwetu mtu akishuka kisimani kuchimba hukutana na ubaridi. Sasa mji wenye baridi kama ile, handaki la mita 20 chini ya barabara linapataje joto la kuloanisha shati?

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba chini ya ardhi kuna moto, kama migodini. Ni kweli migodi mirefu ya dhahabu ya Afrika Kusini huunguza, ila ile hushuka kilomita mbili, tatu na kuzidi. Mita 20 au 30 si kitu. London ilipochimbwa, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, udongo wa kina hicho ulikuwa na nyuzi 14 hivi. Waendeshaji wa treni walifikia hata kutangaza kwa mabango kwamba kiangazi kikiwa kikali, watu washuke chini wakapate ubaridi. Leo udongo uleule uliopakana na mahandaki umepita nyuzi 20, na katika njia zenye joto zaidi hewa hufika nyuzi 30 wakati wa kiangazi. Joto hilo halikuzaliwa ardhini. Liliingizwa na treni yenyewe, na mkosaji mkubwa ni breki.

Aliyewahi kuteremka na basi kutoka Newala kuelekea Masasi anaijua harufu ninayoisema. Dereva anaweka gia ndogo, bado gari zito linataka kukimbia, anakanyaga breki, na mkifika chini abiria wa dirishani wanaziba pua. Mwendo ukiuzuia haupotei hivihivi, hugeuka joto. Basi letu hulitupa joto hilo kwenye upepo wa bondeni, likaisha. Treni ya chini hulitupa ndani ya bomba.

Tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Chukua treni ya tani 200 inayokwenda kilomita 60 kwa saa, uzito na mwendo wa kawaida kwa treni za aina hiyo. Ukiisimamisha, mwendo wake unatoa karibu uniti 8 za umeme, uniti zilezile tunazonunua za LUKU. Uniti 8 zinatosha kuchemsha ndoo nne za lita 20 na kubaki maji ya chai. Hiyo ni treni moja, kituo kimoja. Sasa ziweke treni 30 kwa saa kila upande, na vituo vilivyokaribiana kiasi kwamba treni ikishaanza kuchanganya tu inatakiwa isimame tena. Kituo kimoja kinaweza kumwagiwa joto la zaidi ya uniti 450 kwa saa. TANESCO inamhesabu mteja kuwa wa matumizi madogo asipozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa hiyo hapo unazungumzia umeme wa nyumba sita wa mwezi mzima, umekwisha ndani ya saa moja. Na 30 si kikomo: njia ya Victoria hufikisha treni 36 kwa saa wakati wa msongamano, yaani moja kila sekunde 100.

Ongeza mota, taa na abiria. Mtu aliyetulia hutoa joto la kama wati 100, sawa na balbu moja ya zamani, na behewa lililoshonana lina balbu nyingi. Lakini watu ni sehemu ndogo. Breki na mota ndizo zenye mashtaka.

Bado hatujamaliza, kwa sababu joto likiingia lilipaswa pia kutoka. Kilichonishangaza mimi ni kwamba zamani lilikuwa na pa kutokea, kisha maendeleo yakapaziba.

Treni ya kwanza ya chini ya ardhi duniani ilifunguliwa London tarehe 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, na ilivutwa na injini za mvuke. Wazee wa Nachingwea na Mkwaya walioikuta reli ya karanga ya Kusini, kabla haijang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, watakwambia injini ya mvuke ni nini: moshi, cheche na mluzi. Yetu ilikuwa na anga lote la Lindi la kupumulia. Sasa ifikirie ndani ya handaki. Ilibidi wachimbe mtaro kando ya barabara au katikati yake, waujengee kuta za matofali, waufunike juu, na kila baada ya umbali fulani waache sehemu wazi ili moshi utoke. Katika mtaa mmoja wa watu wenye nafasi zao, Leinster Gardens, nyumba mbili zilibomolewa kupisha reli, na shimo likaachwa wazi pale zilipokuwa. Kwa kuwa majirani hawakutaka kuona pengo, ukajengwa ukuta wa mbele wenye milango na madirisha ya uongo. Ukuta huo upo mpaka leo, namba 23 na 24, na nyuma yake hakuna sebule wala chumba, kuna reli.

Mwaka 1890 ikafunguliwa njia ya kwanza ya chini kabisa iliyotumia treni za umeme. Hakuna moshi tena, kwa hiyo hakuna haja ya kuacha matundu makubwa. Wahandisi wakawa huru kuzama kirefu, chini ya nyumba, chini ya mabomba, hata chini ya Mto Thames, na kujifungia huko. Umeme ulisafisha hewa, na kwa kufanya hivyo ukawafanya wasahau kwamba joto nalo linahitaji mlango. Siwalaumu sana. Wakati ule treni zilikuwa chache, nyepesi na za taratibu, na udongo ulikuwa wa baridi.

Udongo wenyewe ni wa mfinyanzi. Sehemu kubwa ya London, hasa kaskazini ya mto, imekalia tabaka nene la udongo huo, na kwa mchimbaji ni neema: unakatika kwa urahisi, hauporomoki ovyo, haupitishi maji. Mhandisi James Henry Greathead alitumia ngao ya chuma, kama pipa kubwa lililolazwa. Vibarua walichimba wakiwa ndani yake, pipa likasukumwa mbele, na nyuma yake vikafungwa vipande vya chuma kuwa ukuta wa duara. Hivyo ndivyo mahandaki yale yalivyopata umbo la bomba.

Ila mwulize mama yeyote wa Kimakonde anayepikia chungu. Akikiepua motoni, mchuzi unaendelea kutokota. Udongo wa mfinyanzi hupokea joto polepole na kuliachia polepole vilevile. Miongo ya mwanzo udongo wa London ulimeza joto la treni kimyakimya, na hakuna aliyelalamika kwa kuwa ulikuwa na nafasi ya kumeza. Treni zikaongezeka, zikawa nzito, zikaenda kasi, na usiku zinapopumzika saa chache chungu hakipoi. Baada ya miaka mia na ushee ya kupikwa bila kuepuliwa, udongo umeshiba. Ndiyo maana Januari na Julai huko chini havitofautiani kama vinavyotofautiana huko juu.

Hapa mpwa wangu aliuliza swali ambalo na wewe pengine unalo. "Si waweke kiyoyozi?"

Kiyoyozi hakiui joto, hulihamisha. Pita nyuma ya duka lenye kiyoyozi hapa mjini, lile boksi la nje litakupulizia hewa ya moto usoni: ndani wanatetemeka, wewe mpita njia unalipa. Treni ikiwa na kiyoyozi humwaga joto lake handakini, na inayofuata dakika mbili nyuma inaingia kwenye handaki lenye moto zaidi. New York, ambako mabehewa yana viyoyozi, abiria hupoa akishapanda, lakini anayesubiri kwenye jukwaa la kituo wakati wa kiangazi anajua adhabu yake. Mahandaki yale ya kirefu ya London yana kipenyo cha mita tatu na nusu hivi na treni inajaa humo kama mkono kwenye shati la kubana, hata nafasi ya kufunga mtambo ni ya kutafuta. Njia za zamani zaidi, zile zilizochimbwa kwa ajili ya moshi, ndizo zilizopata treni zenye viyoyozi kuanzia 2010, kwa sababu ni pana, haziko chini sana na zina matundu. Moshi wa 1863 umekuja kuwasaidia abiria wa leo.

Wanaohangaika na njia za kirefu wana mbinu kadhaa. Ya kwanza ni breki zinazorudisha umeme: mota ikigeuzwa wakati wa kupunguza mwendo inazalisha umeme badala ya joto, na treni nyingine iliyo jirani inautumia. Nyingine ni ya zamani na naipenda kwa werevu wake. Njia ya Central, iliyofunguliwa 1900, ilijengwa vituo vyake kwenye vinundu. Treni inapokaribia kituo inapanda kidogo, mwendo unapungua wenyewe, na ikiondoka inateremka, inapata kasi ya bure. Kila mwendesha baiskeli aliyebeba gunia la korosho angeibuni hiyo. Njia ya Victoria, iliyoanza 1968, ilifuata mtindo huohuo. Kisha kuna mafeni makubwa kwenye mashimo ya hewa, na katika kituo cha Green Park yanatumika maji ya baridi kutoka visima virefu. Upepo unaokupiga usoni kabla treni haijatokeza nao husaidia, maana treni husukuma hewa mbele yake kama pampu ya baiskeli, ingawa mara nyingi inachosukuma ni hewa ya moto kutoka kituo kimoja kwenda kingine.

Waliojenga baadaye walijifunza. Njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa Mei 2022, ina mahandaki ya kipenyo cha zaidi ya mita 6, mabehewa ya viyoyozi, na vioo vinavyotenga jukwaa na reli katika vituo vyake vipya vya chini. Kwetu swali hili bado halijatufika. Mahandaki ya SGR kule Kilosa ni mafupi, yako wazi pande zote mbili, na treni hupita bila kusimama ndani.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote kiko kwenye njia ya Northern, ndiyo hiyo anayopanda mpwa wangu. Kati ya vituo vya Angel na Old Street kilikuwepo kituo kiitwacho City Road, kikafungwa 1922 na kubaki shimo. Tangu 2020 feni kubwa inavuta hewa ya moto kutoka handakini kupitia shimo hilo, mtambo unachota joto lake na kulipandisha, kisha maji ya moto yanapelekwa kwa mabomba kwenye nyumba zaidi ya elfu moja za eneo la Islington, pamoja na shule. Kiangazi kikija, feni inaweza kugeuzwa ikapuliza hewa ya nje kwenda chini.

Nilimtumia mpwa wangu maelezo haya yote kwa sauti, dakika tisa nzima. Akasikiliza siku mbili baadaye.

"Kwa hiyo mjomba, jasho langu la mwezi mzima limeishia kwenye bafu la mtu?"

Nikamjibu kwamba ni breki, si jasho, na kwamba kesho avue koti kabla hajashuka ngazi.