Mtepe kwenye ukuta wa daka

Vijana wa hapa Lamu wakisikia kazi yangu ni kukarabati kuta za chokaa, huniuliza, "Kumbe wewe ndiye unayetufutia grafiti?" Ndiye. Ila si kwa sababu wanayoidhania.

Mwezi uliopita, katika nyumba moja ya Mkomani, nilikuwa nakwangua chokaa ya daka, pale mlangoni penye baraza za kukalia wageni. Chini ya tabaka la nne likatokea tanga la mraba, kisha mlingoti. Mtepe! Ulichorwa kwa ncha kali lipu ikiwa imeshakauka. Ungechorwa lipu mbichi, kingo za mistari zingeinuka laini, na hizi zimemegekamegeka. Urefu wake haufiki shubiri mbili. Kamba za tanga zimechorwa moja moja, jambo ambalo mtu asiyepanda chombo asingelijali. Mabaharia hawamo kabisa.

Mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba na vyenye tanga la mkeka, imeshatoweka majini. Michoro kama huu ni sehemu ya ushahidi tulio nao wa jinsi ilivyokuwa. Gede, karibu na Malindi, nako kuna vyombo vilivyokwaruzwa kutani. Ngome ya Yesu, Mombasa, askari wa Kireno wa karne ya 17 walichora merikebu na makanisa kwa mkaa na udongo mwekundu, na leo wageni wanalipa kiingilio kuviona. Kwa hiyo anayeniambia grafiti imeletwa juzi kutoka Marekani, namwonyesha daka.

Na tazama mahali. Daka ndipo mgeni anaposubiri kukaribishwa. Mchoraji angetaka usionekane, angeuchora chumba cha ndani. Sasa hivi, mtaa wa pili tu, kuna ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo hayamhusu jirani, jirani anajua. Yanamsubiri mnunuzi atakayeletwa na dalali mwenye karatasi za uongo. Kwangu mimi hiyo ni grafiti iliyokamilika: ina msemaji, ina msikilizaji, na iko hasa pale msikilizaji atakaposimama.

Ugomvi wangu ni na rangi ya kopo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ya chini pamoja na chumvi, na chokaa huyaachia yakauke taratibu. Ukiupulizia rangi ya plastiki umeuziba pumzi. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, lipu inavimba, halafu inaanguka mapande mapande, na mchoro wako nao chini. (Saruji ni mbaya zaidi, na hiyo huletwa na watu wazima wenye kibali.) Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, lakini chumvi haisomi orodha.

Bibi mwenye nyumba alichungulia akasema, "Mwanangu, hicho chombo usikifunike tena." Sikukifunika. Nimeziba nyufa za pembeni kwa chokaa laini, basi.

Wale vijana nimewapa ukuta wa nyuma wa karakana yangu, ndoo ya chokaa, na udongo mwekundu wa kuchanganyia. Wamechora boti ya mashine. Wanalalamika kwamba rangi imepauka.